Sura ya Saba: Majibu Yametoka, Hofu Imebaki

Kuna kundi la watu ambalo takwimu za Ukimwi hazilioni. Wamepima, wamepewa majibu, wameambiwa hawana virusi, na katika daftari la kituo wameandikwa hasi. Kwa mwenye kuhesabu, kazi imekwisha. Kwa wao wenyewe ndiyo kwanza imeanza. Baada ya wiki mbili mtu huyu yuko kituo kingine, mtaa wa mbali ambako hakuna anayemjua, ananyoosha kidole kichomwe upya. Majibu ni yale yale. Anatoka na nafuu, anakula vizuri siku hiyo, na kabla wiki haijaisha anakumbuka kwamba mhudumu alikuwa na haraka, au kwamba mstari wa pili alioutazama ulikuwa na kivuli. Ananunua kipimo cha kujipima mwenyewe. Anabonyeza tezi za shingo, anapanda mizani ya duka la dawa, anamuuliza mkewe kama amekonda. Sura hii inamhusu yeye. Hoja yangu ni kwamba hofu yake haiwezi kuponywa na kipimo cha tano kwa sababu haikuletwa na upungufu wa ushahidi. Hofu hiyo ni ugonjwa unaojitegemea, wenye chanzo chake na tiba yake, na kila tunapomrudisha kwenye benchi la kupimia tunaulisha.

Ni haki kuanza na damu yenyewe, maana ziko hofu zenye msingi. Virusi vya Ukimwi vikiingia mwilini havionekani siku hiyo hiyo. Vipimo vingi vya haraka katika vituo vyetu, vile vya kuchoma kidole na kusoma mistari, havitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ili kupambana nacho, na kazi hiyo huchukua siku. Kwa vipimo vya kingamwili, maambukizi huanza kuonekana kati ya siku 23 na 90. Vipimo vya maabara vinavyotumia damu ya mshipa na kutafuta pia protini ya kirusi iitwayo p24 huwahi zaidi, kati ya siku 18 na 45. Muda huo wa kusubiri ndio wataalamu wanaouita kipindi cha dirisha. Aliyepima siku ya kumi baada ya tukio bado hajapata jibu la tukio hilo, na ana sababu ya kurudi. Aliyetumia dawa za kuzuia maambukizi, ama zile za dharura zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, ama zile za kinga ya kudumu, afuate ratiba ya mtoa huduma wake, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuchelewesha majibu kuonekana. Anayeendelea kuwa katika hatari apime mara kwa mara. Nikishawaondoa hao, anabaki mtu ninayemzungumzia: siku 90 zimepita, hakuna tukio jipya, hakuna dawa iliyoingilia, majibu ni hasi, na bado halali.

Tumfanyie hesabu kwanza, kwa kuwa anastahili kuiona. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu yanasema kwamba katika tendo la kawaida la ndoa lisilo na kondomu, na mwenza mwenye virusi asiyetumia dawa, mwanamke huambukizwa kwa wastani mara 8 katika matendo 10,000, na mwanamume mara 4. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Chukua sasa watu 1,000,000, kila mmoja amefanya tendo moja la aina hiyo na mtu ambaye hali yake haijui. Wenza 44,000 hivi wangekuwa na virusi. Hata tukichukulia kwamba hakuna anayetumia dawa, jambo ambalo si kweli, na tukatumia kile kiwango kikubwa cha 8, maambukizi yangekuwa kama 35. Kipimo kizuri kilichofanywa baada ya dirisha kufungwa hukamata zaidi ya 99 katika kila 100. Atakayepita bila kuonekana hafiki mtu mmoja katika milioni nzima. Na kama mwenza alikuwa na virusi kwa hakika, maambukizi yangekuwa 800 katika milioni, na watakaoponyoka kipimo hawazidi 8. Hizi ni wastani tu: magonjwa mengine ya zinaa, vidonda, mwenza aliyeambukizwa karibuni na tendo la nyuma huongeza hatari, na sitaki mtu yeyote aichukue hesabu hii kuwa ruhusa ya kutupa kondomu. Nimeileta kwa sababu nyingine. Mpe mwenye hofu karatasi hii aisome, uone jicho lake linakwenda wapi. Linapita juu ya wale 999,999 na kutua kwa yule mmoja. Anachodai ni uhakika usio na ufa hata mmoja, na uhakika wa namna hiyo hakuna kipimo cha ugonjwa wowote kilichowahi kumpa binadamu yeyote.

Kwa nini adai uhakika huo kwa Ukimwi, na asiudai kwa shinikizo la damu, linaloua watu wengi kimya kimya? Hapa inabidi turudi nyuma. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda mrefu vituo vingi havikuwa na uwezo wa kupima damu ya mtu yeyote. Oktoba 1985, katika mkutano uliofanyika Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya kumtambua mgonjwa wa Ukimwi barani Afrika pasipo maabara. Dalili kubwa zilikuwa kupungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuhara kwa zaidi ya mwezi, na homa ya zaidi ya mwezi. Ndogo zilikuwa kikohozi kisichokoma, ngozi kuwasha, mkanda wa jeshi, utando mweupe kinywani, tezi kuvimba. Kwa wakati ule ilikuwa hatua ya lazima. Daktari asiye na mashine afanyeje? Lakini orodha ile haikubaki kwa madaktari. Iliingia kwenye mabango, redioni, kwenye mazungumzo ya kijiweni na ya msibani. Mwanamuziki wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, alipotangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana Ukimwi, watu walimtazama akipungua mwili hadi alipofariki Desemba ya mwaka huo huo. Ujasiri wake uliokoa maisha ya wengi. Pamoja na hayo, picha iliyobaki vichwani ilikuwa ya mwili unaokwisha. Mpaka Tanzania ilipoanza kugawa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kumpima jirani kwa macho: mitulinga imetokeza, nywele zimekuwa laini, midomo imekuwa myekundu, basi huyo keshaukwaa.

Hilo ndilo darasa alilosomea mtu wetu, hata kama alizaliwa baada ya yote hayo. Ameurithi ujuzi wa kusoma mwili, na ujuzi huo ulimfikia kabla ya kipimo na ukiwa na picha za watu aliowapenda au aliowazika. Damu ikisema hapana na kioo kikisema labda, anakiamini kioo. Tusimwite mjinga. Anafanya kwa mwili wake kile jamii nzima ilichofanya kwa miaka ishirini, ila sasa anakifanya mahali ambapo hakihitajiki tena.

Kwa bahati mbaya mwili wenye hofu ni stadi wa kutoa dalili zile zile. Hofu ya muda mrefu huuweka mwili katika hali ya kutaka kukimbia wakati hakuna pa kukimbilia. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka usiku, tumbo linaendesha, hamu ya kula inapotea, usingizi unakatika saa nane za usiku, mikono inapata ganzi, misuli inauma. Mtu asiyekula vizuri kwa miezi miwili atakonda. Hilo halihitaji kirusi. Tezi inayobonyezwa mara ishirini kwa siku itauma. Ulimi unaokaguliwa kila alfajiri kwa tochi ya simu utakutwa na utando, kwa kuwa ulimi wa mtu yeyote mzima huwa na utando alfajiri. Kwa hiyo anayesema "lakini mimi dalili ninazo" hasemi uongo. Dalili ni za kweli na zinastahili kuchunguzwa mara moja na daktari, maana yaweza kuwa malaria, minyoo, kisukari au kifua kikuu. Zikishachunguzwa na kisikutwe kitu, kinachobaki ni kwamba hofu nayo ni ugonjwa wa mwili.

Liko jambo jingine ambalo vyumba vya ushauri nasaha hulikwepa, nalo ni hatia. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba hofu hii mara nyingi haifuati ukubwa wa hatari. Inafuata ukubwa wa aibu. Mtu aweza kuishi miaka mingi na mchumba ambaye hawakuwahi kupima pamoja na asipoteze usingizi hata siku moja, kisha usiku mmoja nje ya ndoa, tena wenye kondomu, ukamtesa mwaka mzima. Kwa miaka mingi mimbari nyingi zilihubiri kwamba Ukimwi ni adhabu. Aliyekosea akingoja adhabu na isije, hatulii. Anaona imechelewa tu, na kila kipimo hasi kwake ni kuahirishwa kwa hukumu. Kwa mtu wa namna hii kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na yanapaswa kutenganishwa. Je, nina virusi? Hilo limejibiwa. Je, nitasamehewa? Hilo maabara haina uwezo nalo. Liende kunakohusika: kwenye toba, kwenye maungamo, kwa mzee anayeaminika, na pengine, kwa wakati mwafaka na kwa msaada, kwa mwenzi aliyekosewa. Nasema hivi kwa heshima kubwa kwa dini, ambazo zote zina mlango wa kurudi. Wapo watu wanaochomwa vidole mara kumi kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mlango huo.

Tuje sasa kwenye kiini cha hoja, yaani kwa nini kipimo kingine hakisaidii. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, walieleza kwamba kwa mwenye hofu ya maradhi, kutafuta kuhakikishiwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Akihakikishiwa anapata nafuu, nafuu inaifundisha akili kwamba njia ya kutulia ni kuuliza, na shaka ikirudi anauliza tena, kila mara kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 2013 Alexandra Rolfe na Christopher Burton, watafiti wa Uingereza, walikusanya majaribio 14 yaliyohusisha wagonjwa 3,828 waliopimwa maradhi ambayo uwezekano wa kuwa nayo ulikuwa mdogo tangu mwanzo: maumivu ya kichwa, ya mgongo, ya tumbo, moyo kwenda mbio. Walikuta kwamba majibu mazuri hayakupunguza wasiwasi wa ugonjwa kwa namna ya kudumu. Majaribio hayo hayakuhusu VVU, na hilo lazima lisemwe. Lakini yanaonyesha wazi kwamba kipimo hujibu swali la daktari, na mara nyingi huacha la mgonjwa pale pale. Watu wa pwani hawahitaji utafiti wa Ulaya kulitambua jambo hili. Wanamjua mwenye waswasi wa udhu, anayemaliza kutawadha, akaingiwa na shaka, akarudia, akarudia tena hadi swala inampita. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na wasia wao kwa mtu huyo ni kwamba asirudie. Aipuuze shaka na aende akasali. Tiba ya kisasa ya hofu ya maradhi imefika pale pale: usirudie, ivumilie shaka, endelea na maisha, nayo itapungua yenyewe.

Wengine watasema: kuna ubaya gani mtu akipima mara nyingi, si afadhali kuliko asiyepima kabisa? Kwa asiyepima kabisa, ndiyo, na yeye ndiye anayehitaji kipimo hicho. Kwa aliyekwisha kujibiwa, madhara yapo. Hakuna kipimo kisichokosea, na anayepima mara kwa mara bila sababu anajiongezea nafasi ya kukutana siku moja na mstari wa uongo, ambao utahitaji vipimo vya kuthibitisha na utampa wiki za jehanamu asizozistahili. Wengine watasema hofu inamlinda mtu, inamfanya awe makini. Hofu inayolingana na hatari humlinda kweli. Hii iliyokatika uhusiano na hatari humfanya ahame chumba cha ndoa bila maelezo, avunje uchumba, ameze viuavijasumu vya dukani, na amwone kila anayeishi na VVU kama kaburi linalotembea. Wakati huo huo ukweli umebadilika kabisa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011, uliohusisha nchi tisa Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba kumwanzishia dawa mapema mwenye virusi kulipunguza maambukizi kwa mwenza wake kwa asilimia 96, na leo inajulikana kwamba mwenye virusi vilivyofubazwa hadi kutoonekana hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Anayemeza dawa zake huzeeka na wajukuu. Picha inayomtisha mtu wetu ni ya mwaka 1989.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema hili ni tatizo la wenye nafasi, na kwamba nchi yenye madaktari wachache wa akili haiwezi kuhangaika na watu wazima wa afya. Kwanza, si wazima wa afya. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia watu 4,129 waliothibitishwa kuwa na hofu kubwa ya maradhi, uliwakuta na hatari ya kujiua karibu mara nne ya watu wengine. Pili, tiba yake haimhitaji bingwa. Nchini Uingereza, Peter Tyrer na wenzake waliwapa wagonjwa wa hospitali vikao kati ya vitano na kumi vya tiba ya mazungumzo, vilivyoendeshwa na wahudumu waliofundishwa kazi hiyo, wengi wao bila ubingwa wowote. Katika utafiti huo wa watu 444, waliorudi katika hali ya kawaida baada ya mwaka mmoja walikuwa karibu mara mbili ya wale waliobaki na huduma za kawaida. Walikuwa wachache bado, lakini faida ilidumu miaka. Jijini Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina mama wazee wa jamii kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua matatizo yanayowazonga. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha nafuu kubwa ya sonona na wasiwasi baada ya miezi sita. Benchi tunazo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuuita ugonjwa huu kwa jina lake.

Wewe unayesoma haya ukijitambua, fanya hivi. Nenda mara moja ya mwisho kwa mhudumu mmoja unayemwamini, muweke pamoja tarehe ya tukio, tarehe ya kipimo na aina ya kipimo, na akikwambia dirisha limefungwa, faili hilo lifungwe. Kisha acha kukagua. Acha mizani, acha kioo, acha kubonyeza tezi, acha kusoma dalili kwenye simu, acha kumuuliza mwenzi wako anakuonaje. Siku za mwanzo hofu itapanda, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani njia imeshindwa. Ikikubana haja ya kwenda kupima, iahirishe hadi kesho, na kesho uiahirishe tena. Utaona kwamba hofu isiyojibiwa hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Rudi kazini, rudi uwanjani, rudi kwenye kwaya au darsa ulikokuwa umekimbia. Ikiwa miezi inapita na huwezi, nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya rufaa ukaseme wazi kwamba unaogopa Ukimwi na majibu yako ni hasi. Dawa za kundi la fluoksetini husaidia baadhi ya watu, na daktari ndiye atakayeamua. Na ikiwa umefika mahali pa kufikiria kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu leo hii, na akupeleke hospitali leo hii.

Ombi langu la mwisho ni kwa washauri nasaha. Vipimo vya kwanza vya damu, vya mwaka 1985, vilichelewa sana kuona maambukizi, na ndiyo sababu watu walizoeshwa kuambiwa warudi baada ya miezi mitatu, wengine sita. Vipimo vimebadilika, maneno yamebaki. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba wengi wanaopata majibu hasi hawana haja ya kurudia. Warudi wale tu waliokuwa na tukio la karibuni au wanaoendelea kuwa katika hatari. Hata hivyo bado kila mtu huambiwa "kwa sasa uko salama, rudi baada ya miezi mitatu", na kwa mwenye hofu maneno "kwa sasa" hufuta yote yaliyotangulia. Muulizeni kwanza tarehe. Kama dirisha limefungwa, mwambieni kwa kinywa kipana kwamba hana virusi na asirudi kwa ajili ya tukio hilo. Na akirudi mara ya tatu, msimchome kidole. Mpeni kiti, mumuulize halali kwa nini, kisha mwandikieni rufaa kwenda afya ya akili.